Maonyesho ya Baba

Kaka yangu Kiponda alipoingia makumbusho na gunia kwapani, nilidhani ametuletea chumvi. Alikuwa akifanya kazi ya chumvi kule Marereni, na kila akija mjini huja nayo, tena nyingi, kana kwamba sisi wa Malindi tunaila kwa kijiko. Nikamwamkia. Hakuitika. Alinipita mlangoni macho mbele, nikaona mpini umetokeza kwenye mdomo wa gunia. Lilikuwa shoka.

Siku hiyo mdogo wetu Karisa alikuwa akifungua maonyesho yake ya kwanza. Shoka lilikuja kwa ajili yake.

Mimi naitwa Dorcas. Tuko watatu tumbo moja: Kiponda ndiye kifungua mimba, mimi wa katikati, Karisa kitinda mimba. Kwetu ni bara ya Gede, kwenye mihogo na mikanju, ila mimi nilikuwa nimeshahamia Malindi. Nilikuwa nikifagia na kulinda mlango katika makumbusho madogo ya mji, jumba kuukuu la mawe lenye baridi ndani hata jua likiwaka namna gani. Mkubwa wetu alikuwa Bwana Mbaruk, mzee mwenye asili ya Pate, kanzu imenyooka na sauti haipandi. Mwaka ule wa themanini na sita Bwana Mbaruk alikuwa amechoka na vigae vya vyungu na sarafu zilizoota kutu.

"Dorcas mwanangu," aliniambia, "humu mna vitu vya marehemu watupu. Nataka kazi ya mtu aliye hai. Mtu aliyekunywa chai leo."

Nikamtaja Karisa. Karisa alikuwa mchongaji, lakini si wa twiga na vifaru vya kuwauzia watalii, kazi ambayo ingalau ingemlisha. Alichonga mambo yake, watu wakiyatazama wanainamisha vichwa upande mmoja na kuuliza ni nini hiki. Bwana Mbaruk alikwenda kuona, akampa chumba cha chini chote.

Ngoja nimweleze baba kwanza, maana bila yeye shoka halieleweki.

Baba yetu, Mzee Kombe, alikuwa mtu mkubwa. Alikuwa na ng'ombe, alikuwa na minazi, na alikuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye mali na heshima. Akikaa na wenzake alikuwa mtamu, mcheshi, mtu wa kuamua kesi za wenzake. Akirudi nyumbani alimpiga mama. Alimpiga kwa utaratibu, kama mtu anayepalilia shamba lake, leo hapa, kesho pale, bila haraka. Mara moja alimvunja mkono wa kushoto kwa mchi wa kinu. Ukapona umepinda, ukabaki hivyo. Watu wakaambiwa Mbodze ameanguka kisimani. Mbodze ndilo jina la mama. Kisima kile kilisingiziwa mengi.

Na bakora yake ya kutembelea hakuitumia kumpigia, angeichafua. Alimtuma Kiponda akakate fimbo ya mkwaju. Kiponda alikuwa mtoto, na alikwenda mbio akarudi mbio, kwa sababu akichelewa fimbo ilianza na yeye. Mimi nilikuwa chini ya kitanda na Karisa, nimemziba masikio. Yangu hayakuzibwa na mtu. Namchukia baba mpaka leo, na anayetaka kunihubiria habari ya kusamehe na anione baadaye.

Baba alikufa kitandani mwake, ameshiba. Miaka ikapita, kisha Kiponda akashikwa na maradhi ya miguu. Mganga akasema ni baba, anataka kigango chake. Kwetu mzee wa Gohu akifa hasimamishiwi jiwe. Huchongewa kigango, mti mrefu bapa wenye kichwa cha duara na uso, kifua kimechorwa pembetatu na kupakwa nyekundu na nyeupe, na humo ndimo koma yake, roho ya marehemu, hukaa. Huvishwa vitambaa, humwagiwa tembo la mnazi, na kikishasimama hakiondolewi. Hata watu wakihama, chenyewe hubaki. Kiponda akamtafuta mchongaji hodari, akaleta gogo la muhuhu, mti ambao mchwa hawauwezi, na baba akasimamishwa uani akitazama mlango wa mama.

Miguu ya Kiponda ikapona. Mama naye akatuita mimi na Karisa, akatwambia tubomoe ukuta wa nyuma tumtengenezee mlango mwingine. Majirani waliambiwa anataka upepo. Ule wa mbele ukazibwa kwa udongo, na tangu siku hiyo mama akawa anatoka nyumbani kwake kwa kisogoni.

Lakini haikusaidia. Alimwota. Akiamka mkono uliopinda ulikuwa unamuuma kama jana ndiyo umevunjwa.

Haya ninayoyasema sasa niliyajua siku ya shoka yenyewe, ila nayatanguliza usije ukapotea njiani. Mama alimwita Karisa peke yake akamwambia, "Nitolee baba yako hapa." Karisa akasema haiwezekani, kigango hakiondolewi, na Kiponda ataua mtu. Mama hakubishana. Aliinama chini ya kitanda akavuta kikapu. Mlikuwa na mwiko uliovunjika vipande viwili, nusu ya chungu, bangili ya shaba iliyobonyezwa mpaka haiingii mkononi, na fimbo ya mwisho ya mkwaju, imekauka. Alikuwa ameviweka vyote. Kila kitu alikijua siku yake.

"Nimeviweka," alisema, "na sijui nilikuwa namwekea nani. Chukua. Mchukue na yeye."

Karisa alilia, kisha akafanya. Alichonga kigango cha pili, sura ileile, rangi zilezile, vitambaa vilevile. Ila mti hakutumia muhuhu. Angechonga cha muhuhu kwa jina la baba angekuwa amemkaribisha baba mara ya pili, na mama angebaki palepale. Akatumia mwembe, mti laini wa matunda, ambao hakuna koma itakayokubali kukaa ndani yake. Siku moja watu wote walikuwa wamekwenda mazishini kijiji cha pili. Karisa na mama wakamng'oa baba mchana kweupe, wakamfunga kwenye mkeka, wakapanda kile cha mwembe. Mama alilala usiku ule mpaka kuku wakamshangaa. Na Kiponda alipokuja mwisho wa mwezi alikimwagia tembo kile cha mwembe, akakisemesha, akaondoka ameridhika.

Karisa angekichoma kile cha kweli, au angekizika, mambo yangeishia hapo. Lakini Karisa ni Karisa. Alikileta kwake Malindi, akakitazama, akatazama na kikapu cha mama, akaona kazi.

Sasa niseme ya Priscilla. Priscilla ni mke wa Kiponda, msichana wa Takaungu, mpole, mcheshi alipokuja, na alikuwa akikaa pale nyumbani kwetu na mama. Alikuwa mjamzito wa kwanza. Kiponda alifika kutoka Marereni na magambuti yake miguuni, yamegeuka meupe kwa chumvi, akakuta chakula kimepoa. Nilikuwa sipo, lakini mama alikuwepo, na mama alisikia yote kwa upande wa pili wa ukuta. Kiponda alimpiga Priscilla makofi, akaanguka, akampiga teke la tumbo. Mimba ya Priscilla ikatoka usiku uleule. Alikuwa mtoto wa kike.

Watu wakaambiwa Priscilla ameanguka kisimani.

Kiponda alilia sana. Sisemi uongo, alilia, alijigaragaza. Kisha akachukua tembo akaenda kwa baba kumuuliza kwa nini amemnyima mtoto. Alipokishika kigango kichwani, kichwa kikabaki mkononi mwake. Ndani kilikuwa unga mtupu, mchwa wanamiminika kwenye vidole. Muhuhu hauliwi na mchwa, hilo analijua kila mtoto wa kwetu. Akapiga magoti pale na kichwa cha mwembe mkononi, akaelewa kwamba baba ameibwa, na kwamba ndiyo sababu baba amekasirika akamchukua mtoto. Hakufikiria sababu nyingine.

Miaka ile vigango vilikuwa vikiibwa sana na kuuzwa kwa wageni, kwa hiyo Kiponda alianza kuwasaka wezi. Alimpiga kijana mmoja kule Gede mpaka jicho likamvimba kwa sababu tu alionekana na mkeka mrefu. Wezi hakuwapata. Siku moja kazini mwenzake alirudi kutoka Malindi, akamwambia ameona tangazo ukutani lenye picha, na picha yenyewe ni ya kile kigango chao. Akamtania: "Kiponda, babako yuko Malindi, anatazamwa kwa tikiti."

Sasa tumefika mlangoni.

Chumba cha chini kilikuwa kimejaa. Walikuwepo walimu, maofisa wawili watatu, Wataliano wa hoteli wakinukia manukato. Katikati ya chumba alisimama baba, kimo cha mtu, amesimikwa kwenye mchanga ndani ya boksi, nami mpaka saa ile nilidhani ni mfano tu aliouchonga Karisa. Kumzunguka chini, juu ya mkeka, vilipangwa vitu vya mama, na kila kimoja kina kikaratasi chenye mwandiko wa Karisa. Kwenye mwiko: "Siku mchuzi ulipopoa." Kwenye chungu: "Siku alipochelewa kisimani." Kwenye bangili: "Siku alipocheka na shemeji yake." Kwenye fimbo: "Hii haikuwa na sababu." Jina la kazi lilikuwa ukutani kwa herufi kubwa, BABA YUKO NYUMBANI. Mzungu mmoja alimuuliza Karisa kama ni mambo ya kabila lote au ni mtu mmoja. Karisa alisema ni mtu mmoja.

Mama alikuwa amekaa karibu na dirisha, amevaa hando lake jeupe la heshima, ile sketi ya marinda ya kina mama wa kwetu. Soda waliyompa hakuigusa. Hakuna aliyemjua, na mimi nilidhani amekuja kumtazama mwanawe tu.

Nilimkimbilia Kiponda, nikamshika shati kwa nyuma. Aligeuka akanipiga kiwiko cha mdomo. Nilianguka chali na jino nikalitema mkononi. Watu walidhani ni ulevi. Kisha gunia likaanguka chini, wakaliona shoka, na chumba kizima kikarudi ukutani kwa mkupuo. Mwanamke mmoja alianza kupiga kelele kwa lugha yake.

Kiponda hakuwatazama. Alimtazama baba. Akamwambia, "Baba, nimekuja." Kisha akamgeukia Karisa.

"Nani amemtoa baba?"

"Mimi," Karisa alisema.

"Wewe na nani?"

"Peke yangu."

"Umemtoa baba kwake ukamleta huku kuwachekesha Wazungu. Umenipandia mwembe. Nimeumwagia tembo mwembe! Nimeuita baba! Mtoto wangu amekufa kwa ajili yako!"

"Kaka, weka hilo chini tuzungumze."

Bwana Mbaruk, na nitamheshimu kwa hilo mpaka naingia kaburini, alijitokeza na bakora yake nyembamba. "Lahaula! Bwana, tafadhali sana, hii ni nyumba ya watu. Literemshe hilo, literemshe." Kiponda alimsukuma kwa mkono mmoja, mzee akaenda kujibwaga kwenye kabati la vigae, vioo vikammwagikia kanzuni.

Na hapo akalishusha shoka. Alilenga kichwa. Karisa alikwepa na kuinua mkono wa kulia, mkono wa kazi, na chuma kikaupata vidoleni. Sikusikia mlio wa mfupa, ingawa baadaye watu walisema waliusikia. Niliona vidole viko sakafuni, sakafu niliyoifagia asubuhi, na sikuelewa ni vidole. Karisa aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha damu ikaruka, ikamrukia baba kifuani, kwenye pembetatu nyeupe.

Karisa alianguka magotini. Kiponda akashika mpini kwa mikono miwili.

"Sema ni nani aliyekusaidia! Mtu mmoja hawezi kumbeba! Nitamkata na yeye!"

"Peke yangu," Karisa alisema tena. Meno yalikuwa yanamgongana. Angeweza kutaja jina moja tu na shoka likageuka upande wa pili, naye hakulitaja.

"Kiponda."

Ilikuwa sauti ya mama. Hakupiga kelele, lakini kila mtu mle chumbani aliisikia. Alikuwa ameshasimama, anakuja polepole akipita katikati ya wageni, hando linachezacheza.

"Muache mdogo wako. Baba yako nimemtoa mimi."

"Mama, usimfichie huyu."

"Simfichii. Nilimwita mimi. Nilimshika baba yako miguu, yeye akamshika kichwa, tukamng'oa. Alikuwa mzito. Hata akiwa mti alikuwa mzito."

"Mayo!" Kiponda alimwita mama kwa lugha yetu, kwa sauti ya kitoto kabisa. "Kwa nini?"

Mama aliinama kwenye mkeka. Hajui kusoma, vile vikaratasi vilikuwa vya watu wengine. Aliokota mwiko akamwonyesha, akauweka. Akaokota bangili akaiweka. Akaokota fimbo ya mkwaju, hiyo hakuiweka.

"Hii aliikata nani?"

Shoka lilikuwa bado juu, lakini limeanza kuyumba.

"Uliikata wewe. Ulikuwa hata meno ya mbele hujaota. Ulikuwa unakwenda mbio, unarudi mbio, unampa, unasimama kando. Sijakulaumu hata siku moja, mwanangu. Ulikuwa mtoto umetumwa na mkubwa wako. Sasa nijibu la pili, hili wewe ni mtu mzima. Mkeo alianguka kisima gani?"

"Mama, nyamaza."

"Nimenyamaza umri wangu wote. Alianguka kisima gani? Kwa sababu mimi nakijua kile kisima. Nimeanguka humo tangu nilipoolewa. Kina miguu kile, kina mikono, kinakuja kulala na wewe kitanda kimoja."

"Baba alikasirika," Kiponda alisema. "Baba aliondolewa kwake akakasirika, akamchukua mtoto."

"Baba yako alikuwa hapa Malindi. Alikuwa amefungwa mkeka, yuko pembeni kwa mdogo wako, hana habari na mtu. Mtoto hakuchukuliwa na baba yako, Kiponda. Umemuua kwa mguu wako. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta. Nilikusikia."

Kiponda alinguruma. Sina neno jingine la kuisemea ile sauti. Aliinua shoka juu ya mama yetu mzazi, na mimi nilikuwa nimeshajiinua, mdomo umejaa damu, na niko mbali, siwezi kufika. Mkono wa mama wa kushoto ukapanda wenyewe. Ulipanda vilevile ulivyokuwa ukipanda nyumbani, umepinda, kiganja kimegeukia nje, uso umezama begani. Hata hakuwa ameamua. Mwili tu ulikuwa umezoea.

Kiponda aliuona ule mkono. Alikuwa ameuona mara ngapi, amesimama kando, fimbo ameshaikabidhi?

Aligeuka akampiga baba. Alimpiga shingoni kwa nguvu zake zote na shoka likadunda, likamrudia nusura limkate goti. Muhuhu mkavu haukatiki hivyo. Akapiga tena. Akapiga kifuani, akapiga usoni, anatukana, anamwita kwa jina lake, Kombe, jina ambalo mtoto hamtaji nalo baba yake. Vijibanzi vilikuwa vinaruka na harufu nzuri ya ule mti ikajaa chumbani juu ya harufu ya damu. Alipiga mpaka mpini ukavunjika, chuma kikaangukia mchangani. Baba alikuwa na makovu machache, basi, na bado amesimama.

Kiponda akakaa chini. Nilikuwa nimeshavua kanga yangu ya juu namfunga Karisa mkono, nakaza kwa meno niliyobakiwa nayo. Kiponda akasogea akitambaa, akanyoosha mkono asaidie kukaza. Nilimpiga kofi. Karisa akasema, "Muache ashike." Basi akashika, tukawa watatu pale sakafuni mpaka polisi walipokuja, na mama amesimama juu yetu na fimbo mkononi.

Karisa alipoteza vidole vitatu. Kiponda alipelekwa rumande kisha akafungwa, na mama hakwenda mahakamani kumwombea. Chakula alimpelekea. Nilimuuliza inakuwaje, akanijibu kwamba chakula ni chakula.

Bwana Mbaruk, na bandeji zake kichwani, aliona afunge maonyesho. Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa tayari kutafuta kufuli. Mama alikataa. Alimwendea ofisini kwake na kumwambia, "Bwana, nimevificha vitu hivi chini ya kitanda miaka yote. Nimetoka Gede kuja kuvionyesha. Utanifungia tena?" Bwana Mbaruk alishika ndevu akafikiri, kisha akaniamuru nilete maji na sabuni. Sakafu niliisugua mimi. Damu iliyomrukia baba kifuani Karisa alisema isiguswe, ikabaki, ikageuka rangi ya kahawia na kuingiliana na zile rangi nyingine.

Watu walikuja zaidi kuliko mwanzo, wengi kwa umbeya, siwezi kukataa. Walikuja wanawake pia, wa mjini na wa bara, wenye buibui na wenye hando. Hao walikaa zaidi. Mama alikuwa akiketi kwenye kiti chake karibu na dirisha kila siku, na wapo waliokwenda kumwamkia wakainama wakamnong'oneza kitu, yeye akitikisa kichwa tu.

Karibu na mwisho wa maonyesho alikuja Priscilla. Alikuwa amekonda, kanga imemzidi. Alimwamkia mama, akatuamkia sisi, akazunguka mkeka akitazama kitu kimoja kimoja. Anajua kusoma, alisoma vikaratasi vyote. Mbele ya baba alisimama kwa muda mrefu. Kisha akafungua kifurushi alichokuwa amekibeba, akatoa gambuti moja, la mguu wa kulia, chumvi imeganda mpaka kwenye shingo yake. Akalipanga chini ya baba, pembeni ya fimbo, akalirekebisha likae sawa na vingine.

Hakuna aliyemwambia alitoe. Karisa alikuwa karibu yangu, mkono wake umefungwa kama mtoto mchanga. Akauliza kwa upole, "Shemeji, tuandike nini?"

"Andikeni jina."

"La Kiponda?" niliuliza mimi, na hasira zikanipanda palepale kwamba hata hapa apewe nafasi.

"La mtoto. Nilishampa jina."

Kwetu mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la nyanya yake mzaa baba, halihitaji kuulizwa. Karisa hakuweza kushika kalamu, kwa hiyo nilikata karatasi mimi na kuandika mimi, mwandiko wangu wa mfagiaji, herufi zinapanda na kushuka. Nikaandika Mbodze. Nikakiweka kile kikaratasi mbele ya gambuti.

Mama aliniuliza kutoka dirishani nimeandika nini, nikamwambia. Aliinuka kitini, akaja, akamshika Priscilla mkono. Walisimama pale wawili mpaka Bwana Mbaruk alipokuja na funguo.